Kibali cha matibabu: vipi wale wasiokata rufaa?

Nchini Marekani, mzee aliyejiunga na Medicare Advantage, yaani bima ya serikali ya wazee inayoendeshwa na kampuni binafsi, hapati matibabu mengi ya gharama kubwa mpaka kampuni itoe kibali. Mwaka 2023 kampuni hizo zilipokea maombi karibu milioni 50 na kukataa milioni 3.2. Ni asilimia 6.4 tu, wasemavyo watetezi wa utaratibu huo.

Takwimu inayonisumbua ni nyingine. Katika maombi yaliyokataliwa, asilimia 11.7 pekee ndiyo yaliyokatiwa rufaa, na zaidi ya asilimia 80 ya rufaa hizo zilimrudishia mgonjwa haki yake, yote au sehemu. Kweli, anayekata rufaa huenda ndiye mwenye hoja nzito, kwa hiyo siwezi kudai kwamba wote walionyamaza walionewa. Ila tujiulize ni akina nani. Chukua bibi wa miaka 84 aliyevunjika nyonga. Ametoka kufanyiwa upasuaji, anangoja kupelekwa kituo cha mazoezi ya viungo, na barua ya kukataliwa inamkuta kitandani. Lazima mtu aisome, akusanye vyeti vya daktari, apige simu, kisha angoje. Kama hana binti wala mjukuu wa kumhangaikia, habari imeishia hapo. Misuli nayo inazidi kulegea kila siku anayolala, na huyo ambaye angeweza kutembea tena kwa mkongojo anaweza asinyanyuke kabisa.

Wala si hisia tu. Ripoti ya wakaguzi wa Wizara ya Afya ya nchi hiyo, mwaka 2022, ilionyesha kwamba asilimia 13 ya maombi yaliyokataliwa katika sampuli yao yalikuwa yametimiza masharti ya Medicare yenyewe, yaani bima ya wazee inayoendeshwa na serikali moja kwa moja.

Kampuni nazo zina hoja. Vipimo visivyo vya lazima vipo, udanganyifu upo, na upasuaji usiohitajika humdhuru mzee kuliko kijana. Mwaka 2022 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuharakisha vibali, lakini ukakwama Seneti, kikwazo kimojawapo kikiwa makadirio ya ofisi ya bajeti ya Bunge kwamba ungegharimu dola bilioni 16 kwa miaka 10. Wengi waliisoma tarakimu hiyo kama bei ya mageuzi. Mimi naona inasema jambo jingine pia: vibali vikitoka upesi, wazee watatibiwa zaidi. Sehemu ya matibabu hayo yatakuwa ya ziada, sikatai. Lakini sehemu nyingine ni yale ambayo leo wanayakosa kwa sababu ya kuchoka kungoja.

Kanuni zilizoanza 2026 zimepunguza muda wa kujibu ombi la kawaida kutoka siku 14 hadi 7, na la dharura ni saa 72. Sababu ya kukataa lazima itajwe bayana. Ni hatua njema, ila barua inayofika mapema bado inamkuta bibi yuleyule kitandani.

Tayari kampuni ikishikilia uamuzi wake kwenye rufaa, faili huenda moja kwa moja kwa mkaguzi huru bila mgonjwa kuomba. Kwa matibabu ya baada ya kutoka hospitali, faili hilo lingepaswa kwenda kwa mkaguzi huyo tangu ombi linapokataliwa mara ya kwanza.