Shatila si mahema tena

Picha ya mahema mliyoiweka juu ya habari yenu kuhusu kambi ya wakimbizi ya Shatila ni ya zamani mno. Shatila, iliyoko Beirut, Lebanon, ilianzishwa na Msalaba Mwekundu mwaka 1949 kwa Wapalestina waliotoka vijiji vya kaskazini mwa Palestina. Leo ni maghorofa yaliyobanana hadi vichochoro vingine havioni jua. Eneo halikupanuliwa, basi watu wakaongeza ghorofa juu ya misingi isiyokusudiwa kubeba uzito huo.

Hatari ambayo mwandishi wenu hakuigusa ni nyaya. Umeme wa serikali hukatika, kwa hiyo nyumba huvuta waya wa jenereta, nao hupita pamoja na mipira ya maji juu ya vichwa vya wapita njia. Kiungio kikivuja au mvua ikinyesha, anayegusa ukuta uliolowa hupigwa shoti. Watu wamekufa hivyo. Na maji yenyewe ni ya chumvi, maana visima vya Beirut vimepampiwa kupita kiasi na bahari ikapenya chini kwa chini. Yanakula mabomba, viungio vinavuja upya. Ya kunywa hununuliwa.

Halafu UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, haiendeshi kambi kama mlivyoandika. Hutoa shule, zahanati na kuzoa taka. Ulinzi si kazi yake. Tangu 2001 sheria ya Lebanon inamzuia Mpalestina kumiliki nyumba, kwa hiyo kusema "wahamie kwingine" ni rahisi mdomoni tu.