Gitaa la achitopu: la kuagiza kwa fundi au la dukani?

Daraja la gitaa la achitopu, yaani kipande kinachobeba nyuzi, halijagundishwa popote. Limesimama juu ya uso wa gitaa, likikandamizwa na nyuzi zinazopita juu yake kwenda kufungwa mkiani. Na uso huo haukupindwa kwa joto. Umechongwa ukabinuka kama wa fidla: ubao wa sprusi wenye unene wa sentimita mbili na ushei huchongwa mpaka ubaki karibu milimita 6 katikati, na 3 au 4 kuelekea ukingoni. Ukiachwa mnene, sauti inakuwa ya kubana. Ukipunguzwa mno, baada ya miaka michache uso unaanza kuzama chini ya daraja.

Hapo ndipo wanaomtetea fundi binafsi wana hoja nzito. Mbao mbili za mti mmoja hazilingani ugumu. Mashine ya kiwandani inazichonga kwa kipimo kimoja, na kwa kuwa kiwanda hakitaki magitaa yarudishwe kwa dhamana, kipimo hicho huwekwa kwa kuhofia ubao ulio dhaifu kuliko yote. Ubao mzuri unabaki mnene bila sababu. Fundi anayechonga gitaa mojamoja anaugonga ubao alio nao, anaupinda kwa vidole gumba, anaondoa nyama kidogo karibu na matundu ya f (yale mawili ya usoni yenye umbo la herufi hiyo), anagonga tena. Anajua pa kusimama.

Au anadhani anajua. Gitaa la dukani unalipiga kabla ya kulipa. La kuagiza unatoa arbuni leo, unasubiri pengine mwaka au zaidi, halafu unaletewa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Fundi akikosea hesabu, aliyekosewa ni wewe. Kwa hiyo swali la ni lipi bora kati ya la mkono na la kiwandani halitufikishi mbali. La kuuliza ni kama mnunuzi anajua anachokitaka kiasi cha kukisema kwa vipimo. Kama hajui, kuagiza ni kubahatisha kwa gharama kubwa.

Matumizi ndiyo yanayotangulia. Kampuni ya Gibson ya Marekani walipotoa achitopu yao ya L-5 mwaka 1922, walikuwa wanatafuta gitaa litakalosikika ndani ya bendi bila umeme. Walipotoa ES-175, gitaa la umeme, mwaka 1949, waliliunda kwa plaiwudi. Plaiwudi inaokoa gharama, ndiyo, lakini pia haitikisiki kirahisi na sauti ya spika, hivyo amplifaya inachelewa kuanza kuvuma yenyewe. Uso wa kuchonga ni mwepesi na unaitika kwa kila kitu, pamoja na besi iliyo nyuma yako jukwaani. Wapo walioagiza gitaa la kuchonga kwa pesa nyingi wakaishia kuziba matundu ya f kwa sponji ili lisivume. Wamelipia mtikisiko, kisha wamelipia kuuzima. Anayepiga kwa sauti ya juu na bendi kamili ahudumiwe na plaiwudi bila kuona haya. Uso wa kuchonga unamfaa anayepiga sebuleni, studio mbele ya maikrofoni, au na kundi dogo la watu wanaosikilizana.

Ukishajiridhisha kwamba ni la kuchonga, mpe fundi namba. Upana wa sehemu ya chini ya mwili: inchi 16, 17 au 18. La 17 ndilo la kawaida. La 18 lina besi nene lakini linachosha bega. Urefu wa uzi kutoka kichwani hadi darajani: milimita 635 au 648, la pili linakaza nyuzi zaidi. Upana wa shingo kichwani: 43 au 44.5. Unene wa nyuzi: mwambie kama unatumia seti ya 12 au 13 (unene wa uzi mwembamba kuliko yote kwa maelfu ya inchi), kwa sababu anachonga uso kwa mzigo huo. Mihimili ya ndani inayoushikilia uso ikiwa miwili sambamba, sauti inakuwa kali na ya kukatisha, nzuri kwa mdundo. Ikipishana kama herufi X, inakuwa laini na inadumu zaidi. Kuhusu pikapu, kifaa kinachopeleka sauti ya nyuzi kwenye amplifaya, ninapendelea ile inayoning'inia mwishoni mwa shingo. Kumkatia fundi uso wake tundu la kuzamishia pikapu baada ya kazi yote ile ni kurudi kwenye plaiwudi kwa njia ndefu.

Kosa linalojitokeza kuliko mengine, hata kwa mafundi wenye mkono mzuri, ni pembe ya shingo. Tazama vigurudumu viwili vinavyopandisha na kushusha daraja. Vinapaswa kuwa katikati ya safari yake huku nyuzi zikiwa karibu milimita 2 juu ya freti (vyuma vinavyokatiza shingo) ya 12 upande wa besi, na 1.5 upande wa nyuzi nyembamba. Vikiwa vimefika chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, shingo imekaa vibaya, na tiba yake ni kung'oa shingo na kuipachika upya. Kisha chukua karatasi nyembamba ujaribu kuipenyeza chini ya nyayo za daraja. Ikiingia, nyayo hazikuchongwa kufuata mbinuko wa uso, na sauti inapotelea hapo. Pitisha kidole pembeni mwa shingo: ncha za freti zikikukwaruza, huenda mbao zilifanyiwa kazi kabla hazijakauka vya kutosha.

Kuhusu mbao, neno moja kwa sisi wenye lugha hii. Eboni inayowekwa kwenye shingo za magitaa haya kwa kawaida ni ya jamii ya Diospyros. Mpingo wetu ni Dalbergia melanoxylon, ndugu wa rozwudi, na tangu Januari 2017 Dalbergia zote zinasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Novemba 2019 magitaa yaliyokamilika yalilegezewa masharti, isipokuwa yenye rozwudi ya Brazili, ambayo iko kwenye orodha kali zaidi tangu 1992. Fundi akikupa rozwudi ya Brazili kama zawadi, ikatae, hasa kama gitaa litavuka mpaka.

Hoja ya kuuza tena hutumiwa na pande zote mbili, na mara nyingi vibaya. Magitaa ya fundi John D'Angelico, aliyefanya kazi New York kuanzia 1932 hadi alipofariki 1964, yanatafutwa kwa bei kubwa. Lakini huyo ni D'Angelico. Gitaa la fundi asiyejulikana, lenye vipimo vya mkono wako na jina lako limechorwa kichwani, soko lake ni jembamba. Ndiyo maana gitaa la fundi lililokwishatumika mara nyingi ni ununuzi wenye akili kuliko kuagiza jipya: mwenzio ameshasubiri, uso umeshatulia, na unalipiga kabla ya kulipa.

Ukiagiza hata hivyo, gawa malipo mara tatu: theluthi ya kuanzia, theluthi mwili ukifungwa na picha za mihimili umeziona, theluthi baada ya kulipiga. Mwandikiane nani anagharamia uso ukipasuka mwaka wa kwanza. Kabla ya kusafirishwa, nyuzi zilegezwe tu, zisitolewe, maana daraja litaanguka. Mahali pake pawekwe alama kwa utepe usioshika sana. Likifika, kasha likae limefungwa saa 24 lizoee joto la chumba, la sivyo laka inaweza kupata nyufa. Kisha kaza nyuzi na ulinganishe kila uzi kwenye freti ya 12: noti iliyobanwa ikiwa juu kuliko harmoniki yake (mlio wa uzi ukiguswa tu hapo bila kubanwa), sogeza daraja kidogo kuelekea mkiani; ikiwa chini, lirudishe kuelekea shingoni.