Hiyo Chati ya Atomu Ibandueni

Hizi chati za atomu zinazobandikwa kwenye kuta za madarasa yetu zinaudhi. Mnazijua: kiini chekundu kilichonona katikati, elektroni za buluu kwenye maduara nadhifu, mbili kwenye la kwanza, kisha nane, kisha nane (2, 8, 8), na mtoto wa kidato cha pili anainakili kwa bikari bila kuuliza nani aliona hayo.

Chora ubaoni kiini cha haidrojeni chenye upana wa sentimita 1. Elektroni yake ingekuwa mita 300 na ushei kutoka hapo, nje ya uzio wa shule. Lakini vipimo tuviache. Kinachokera zaidi ni kuwapa watoto jibu huku tukiwaficha ushahidi.

Mwaka 1909, pale Manchester, Uingereza, watafiti Geiger na Marsden walikaa gizani wakitazama kwa hadubini vimweko vya mwanga kwenye skrini ya zinki salfaidi, ambayo humeta ikigongwa na chembe. Walielekeza chembe za alfa, nzito na zenye chaji chanya, kwenye mabamba membamba ya metali. Nyingi zilipita tu. Kwenye platini, moja katika kila 8,000 hivi iligeuzwa ikarudi upande ilikotoka. Katika atomu aliyoipendekeza mwanafizikia Thomson mwaka 1904, ambayo chaji chanya imetandaa kote, hakuna mahali penye nguvu ya kuirudisha chembe nzito hivyo. Rutherford, mkuu wa maabara yao, akapiga hesabu, na 1911 akasema: chaji hiyo yote, na karibu uzito wote, vimebanwa mahali padogo mno katikati.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, na chati imenyamaza. Chaji inayozunguka hutoa mawimbi na kupoteza nishati. Kwa fizikia ya wakati ule, elektroni ingetumbukia kiinini kabla hata ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde kwisha. Yaani atomu tunayowachorea watoto haiwezi kudumu! Mwanafizikia Bohr, 1913, aliweka sharti: viwango fulani tu vya nishati vinaruhusiwa, na elektroni ikishuka hutoa mwanga wa rangi mahususi. Kwa haidrojeni, kutoka cha tatu hadi cha pili ni nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 656 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Hesabu ikakubali kwa haidrojeni, ikagoma kwa heli. Mwaka 1926 mlinganyo wa mwanafizikia Schrödinger, kwa tafsiri ya mwenzake Max Born, ukatuachia uwezekano tu wa kuikuta elektroni hapa au pale, maduara yakafa. Nyutroni, chembe ya kiinini isiyo na chaji, nayo ilithibitishwa na Chadwick 1932, ila chatini imo utadhani Rutherford aliichora mwenyewe.

Haya, 2, 8, 8 inaeleza chumvi vizuri, na UNEB, baraza la mitihani la Uganda, inatoa alama. Lakini mtoto akiuliza mbona chuma ni 2, 8, 14, 2, anaambiwa atasoma mbele.

Na ushahidi wa viwango hivyo vya nishati unaonekana kwa CD kuukuu. Chukua boksi la viatu, ziba mianya yote. Upande mmoja acha ufa wa nusu milimita kati ya nyembe mbili. Upande wa pili egemeza CD kwa mshazari, uso unaong'aa ukiuelekea ufa. Toboa tundu la kuchungulia juu ya CD. Elekeza ufa kwenye taa ya tyubu ya zamani, yenye mvuke wa zebaki ndani, kamwe si kwenye jua. Utaona mistari ya zebaki, kijani ya nanomita 546 na ya buluu-zambarau ya 436. Mistari ikififia na kuingiliana, ufa ni mpana. Balbu ya LED haifai: mwanga wake mwingi hutoka kwenye unga wa fosfori, unaong'aa ukimulikwa, na rangi hutandaa bila mistari.