Sikupandisha Mashetani, Ilikuwa Ganzi

Wanaoniuliza kama nimeshafukizwa ubani, tulieni. Mtani wangu Mzaramo, tunayesoma naye hapa Pune, India, ametuma sauti ya dakika 4 kwenye kundi la Watanzania eti nimepandisha mashetani darasani. Sauti imeshafika Tabora. Mama kapiga simu alfajiri, kaanza na dua kabla ya salamu.

Ilikuwa ganzi. Ganzi ya mguu.

Darasa letu la yoga la Jumamosi si la kujikunja tu. Guruji, mwalimu wetu, kwanza hutusomesha Patanjali, yule mwanazuoni wa kale wa yoga aliyesema yoga ni kutuliza mawimbi ya akili. Jana tulifika kwenye ahamkara. Kwa Kisanskriti, aham ni "mimi", na kara ni mtengenezaji. Yaani jambo likishaingia akilini, huyu mtengeneza-mimi analidaka kama konda anavyodaka begi la abiria: hili langu! Mwili una njaa, yeye anasema "mimi nina njaa". Sifa zake, fedheha zake.

Nilielewa sana. Nilielewa mpaka nikaanza kuwahurumia wenzangu. (Mnaocheka, ngojeni kwanza.)

Tukaambiwa tukae kimya nusu saa, tuyatazame mawazo yakipita bila kuyafuata. Pembeni yangu bibi mmoja wa sari ya njano, sabini na ushee, akakunja miguu mkao wa yungiyungi kama anakunja kanga. Nikasema sishindwi na bibi. Dakika ya 10 goti linawaka. Dakika ya 20 limeacha kuwaka, nikajua ndio utulivu wenyewe huo. Nikafumbua jicho moja nione kama Guruji ananiona.

Alikuwa ananiona. Akaniita mbele nieleze nilichokishuhudia.

Nikasimama. Tuseme ukweli, mguu wa kulia ulisimama. Wa kushoto haukuwa na habari. Niliutazama ukiwa umelala ubavu kama wa mtu mwingine kausahau pale. Mwili ukaanza kuinama polepole, kama mgomba uliokatwa. Mkono ukatafuta ukuta, ukapata pindo la sari. Bibi, macho kayafumba vilevile, akaivuta sari yake kwa nguvu za mbeba magunia. Nyuma yangu kulikuwa na sinia la shaba, lina maua na laddu, vile vitamutamu vya mviringo vya samli, za kugawana baada ya darasa. Nilipata muda wa kuziona. Nilipata na muda wa kusema moyoni, "Si huko, jamani."

Nikazikalia.

Laddu hazina kelele. Sinia linazo. Lilichomoka likazunguka sakafuni, gwaa, gwaa, gwa-gwa-gwagwagwa, na darasa zima likalisubiri limalize.

Kimya. Guruji, sauti ya upole kabisa, akauliza: "Nani ameanguka?"

Jibu nilikuwa nalo! Somo halijapoa! Nami nikapaza sauti kutoka chini: "Mimi! Mimi, Guruji! Ni mimi!"

Bibi ndiye aliyeanza kucheka.

Suruali nimeifua mara 3, samli haitoki. Laddu nimelipa. Mtani sasa ananiita "Ni Mimi" mpaka kwenye foleni ya chakula, na mama bado anataka ajibiwe: hao mashetani wanaongea Kihindi au Kinyamwezi?