Nafaka Ililiwa Kabla ya Jembe

Wanaohubiri ulaji wa kale hutuambia kwamba binadamu aliumbika kwa nyama, matunda na mizizi, na kwamba nafaka ni mgeni aliyeingia na kilimo miaka 10,000 tu iliyopita, kiasi kwamba mwili haujapata muda wa kumzoea. Hoja hiyo inavutia kwa wepesi wake, ila ushahidi uliofukuliwa ardhini unaikataa.

Huko Ohalo II, kando ya Ziwa la Galilaya, kambi ya wawindaji iliyokaliwa yapata miaka 23,000 iliyopita na kuonekana mwaka 1989 maji ya ziwa yalipopungua, zilikutwa punje za shayiri na ngano za mwituni, pamoja na jiwe la kusagia lililokuwa bado limeshika chembe za wanga. Katika Shubayqa 1, nchini Yordani, makombo ya mkate yaliyoungua yalikutwa mekoni, nayo yana umri wa miaka 14,400 hivi, maelfu ya miaka kabla ya watu wa eneo hilo kuanza kulima. Hata ukoga uliogeuka jiwe kwenye meno ya Waneanderthal, jamii ya binadamu wa kale iliyotoweka, wa pango la Shanidar, nchini Iraki, ulikuwa na wanga wa mbegu za jamii ya shayiri, na baadhi yake ulionyesha dalili za kupikwa. Mifupa ya wanyama hudumu na mimea huoza, ndiyo maana kwa muda mrefu mababu zetu walionekana walaji wa nyama kuliko walivyokuwa.

Nakiri kwamba mifupa ya jamii nyingi za wakulima wa kwanza inaonyesha watu wafupi zaidi na wenye meno mabovu zaidi kuliko waliowatangulia. Hata hivyo, wawindaji wa Taforalt, nchini Moroko, ambao hawakulima chochote, walikuwa na zaidi ya nusu ya meno yao yameoza, na wanaoshukiwa ni matunda ya mwaloni yenye wanga mwingi.

Kuhusu ngano ya siku hizi, inayodaiwa kuchezewa maabara na kujazwa gluteni, yaani protini ya ngano na jamii zake, maneno ni mengi kuliko ushahidi. Ngano yenye bua fupi aliyoieneza Norman Borlaug, mtaalamu wa mbegu wa Marekani aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970, ilipatikana kwa kuzalisha mbegu mbalimbali kwa pamoja, ikiwamo Norin 10 ya Japani, wala haikupandikizwa jeni maabara. Aina za ngano zilizolimwa Ujerumani kati ya 1891 na 2010 zilipolinganishwa, kiwango cha gluteni kilikuwa karibu kile kile. Lawama yenye uzito ni nyingine: katika shamba la majaribio la Broadbalk, Uingereza, zinki, chuma na magnesi katika punje vilipungua tangu ngano fupi ilipoingia miaka ya 1960. Na hata hilo ni dogo ukilinganisha na tunachokitupa wenyewe kinuni, kwa kuwa kukoboa huondoa pumba na kiini kinachochipua, mahali hasa penye sehemu kubwa ya madini na vitamini, kisha tunailaumu punje nzima kwa makosa ya unga mweupe.

Linalonikera zaidi ni biashara ya “nafaka za kale”. Takriban mtu 1 kati ya 100 duniani ana ugonjwa wa siliaki, ambapo kinga ya mwili huushambulia utumbo mwembamba kila gluteni inapoliwa. Ainkorni na spelti, zinazosifiwa kwa ukale wake, zote ni jamii ya ngano na zote zina gluteni, hivyo mgonjwa anayezinunua kwa kuamini kwamba ni salama anaudhuru utumbo wake sawasawa na yule aliyekula mkate wa kawaida.