Yai Lina Mlango?

Umeme ulikatika kama saa mbili usiku, simu zote zimekwisha chaji, watoto wakahamia kibarazani kutegeana vitendawili. Walikuwa watatu: kitinda mimba wangu wa miaka 7, kaka yake, na mpwa wangu wa miaka 9 aliyekuja likizo kutoka Korogwe. Kaka mtu akatega kile cha siku zote: "Nyumba yangu haina mlango."

"Yai!" mpwa akajibu hata hakijamalizika.

Kilipaswa kuishia hapo, lakini yule mdogo hakuridhika. "Sasa kifaranga anatokea wapi?"

"Anavunja."

"Akishavunja, pale alipotokea si mlango?"

Nakiri kwamba kilichonijia mdomoni ni kile tulichokua tukiambiwa wengi wetu: acha ujuaji, jibu ni yai. Ndivyo kitendawili kilivyo. Mtegaji ana jibu mfukoni, wewe kazi yako ni kulibahatisha. Ukishindwa unatoa mji, naye anatamba nao kwanza ndipo akupe jibu. Ila usiku ule giza lilinitia uvivu, nikanyamaza.

Kaka mtu akasema mlango ni kitu cha kufungua na kufunga, tundu tupu si mlango. Mpwa akakataa: bafu la kwao lina pazia la gunia tu, na bado watu husema "simama mlangoni". Yule mdogo akakaa kimya, kisha akamleta mwizi. Mwizi akitoboa ukuta akaingia, ametengeneza mlango? Hapana, wakasema wote. Kwa nini? "Kwa sababu mwenye nyumba hakutaka." Haya, na kifaranga je, ambaye ndiye mwenye nyumba na anataka kutoka? Walibishana karibu nusu saa, na yule aliyeshikilia kwamba lazima mlango ufungwe akabadili mawazo bila mtu kumcheka. Ni mara ngapi umeona hilo kwenye kikao cha watu wazima?

Mimi naiita falsafa, na sitafuti neno dogo zaidi. Kuuliza kitu ni kile kitu kwa umbo lake, kwa kazi yake, au kwa ridhaa ya mwenyewe ni kazi ambayo watu wamelipwa mshahara kuifanya.

Mmarekani Matthew Lipman aliliona hili zamani. Alikuwa akifundisha chuo kikuu, akaona wanafunzi wanafika kwake wakiwa wamechelewa mno kujifunza kufikiri, akashuka kwa watoto wa shule ya msingi. Mwaka 1974 akaanzisha taasisi ya kazi hiyo huko Montclair, New Jersey. Njia yake haina gharama: watoto wanakaa duara, wanasoma hadithi, wanachagua wenyewe swali la kujadili, na mwalimu anajizuia kutoa jibu. Hilo la mwisho ndilo gumu. Huku kwetu, kuanzia miaka ya 1970, Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwafuata wazee vijijini kuonyesha kuwa falsafa haikuwa mali ya Wagiriki peke yao. Kazi kubwa ile, na naiheshimu. Lakini huenda imetuzoesha kudhani hekima ni lazima iwe na mvi. Na Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zijenge akili ya kudadisi. Tukaenda kujenga mitihani ya kuchagua A, B, C na D.

Najua pingamizi: mtoto wa kuuliza-uliza atakosa adabu. Sijaona hivyo. Mtoto anayejua kuwa akipinga atadaiwa sababu hupinga kwa uangalifu kuliko yule aliyezibwa mdomo, ambaye siku akiuachia anautumia kutukana. Shikamoo bado naipata kila asubuhi.

Pia sisemi tuanzishe tuisheni ya falsafa, Mungu aepushe. Watoto wana michezo tayari. Juzi walikuwa wakicheza duka: pilau ya mchanga, hela majani ya mwembe. Mmoja akapanda juu, akarudi na majani tele, akataka kununua duka zima. Muuzaji akagoma, hela ya aina hiyo haitaki tena. "Lakini asubuhi uliipokea!" Ugomvi ukaletwa kwangu niamue. Sikuamua. Niliwauliza tu noti ya elfu kumi inapata wapi thamani yake, maana nayo ni karatasi. Mmoja akasema kwa kuwa ina picha. Mwingine akasema kwa kuwa huwezi kuipandia juu ya mti. Sina hakika kama gavana wa benki angejibu vizuri zaidi kwa maneno machache hivyo.

Wiki iliyopita kitinda mimba alinivamia nikila.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Jana imekwenda wapi?"

Nikasema imo kwenye kalenda. Hapana, hayo ni maandishi yake. Imo kichwani. Basi ukisahau haikuwepo? Nikajaribu la tatu, nalo likaanguka.

"Nipe mji, baba."

Nikampa Bagamoyo. Akatamba weee, akala samaki, akaogelea, akarudi. Nilipodai jibu akasema hata yeye halijui, ndiyo maana aliuliza. Nikamwambia basi anirudishie mji wangu. Akakataa.