ECG moja safi haitoshi

Kuna makala inayosema kwamba mwenye maumivu ya kifua, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) yake ikiwa safi, si shambulio la moyo. Hapana jamani. Ipigwe ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, na maumivu yakiendelea irudiwe kila dakika 15 hadi 30. Troponini (protini inayoingia kwenye damu moyo ukiumia) nayo huchukua saa kadhaa kupanda, hivyo ipimwe tena. Kwa mwenye figo mbovu mara nyingi troponini huwa juu hata bila shambulio. Cha kutazama ni kama inabadilika.

Wanaosahaulika mara nyingi ni wenye kisukari: dalili zao huweza kuwa jasho jembamba, kutapika, maumivu chini ya chembe ya moyo, kisha wanapewa dawa ya vidonda vya tumbo. ECG ikionyesha ukuta wa chini wa moyo umeathirika, hamishia V4 (mojawapo ya nyaya za ECG za kifuani) kifua cha kulia uone kama upande wa kulia wa moyo nao umeathirika, kabla ya kumpa naitreti (dawa ya kutanua mishipa ya damu), la sivyo presha inaweza kuporomoka.